Bustani ya Mvua Inapogoma: Dalili, Chanzo na Tiba kwa Kila Msimu

Bustani ya mvua ni kibonde kilichochimbwa kwa makusudi, kwa kawaida kina cha sentimita 10 hadi 20, kipokee maji ya paa au ya ua, kiyashike kwa muda, kisha ardhi iyanywe. Si bwawa. Ikiwa na afya, siku moja baada ya mvua kubwa hakuna maji juu yake, na siku mbili ndio mwisho wa subira. Karibu kila tatizo lililoelezwa hapa linarudi kwenye kipimo hicho. Majani yakiwa manjano, mbu wakizaliana, magugu yakishamiri upande mmoja tu, mara nyingi maji ndiyo yamebadili mwendo na mimea inatoa taarifa. Kwa hiyo usinunue miche, mbolea wala dawa kabla hujajua mambo matatu: maji yanaingilia wapi, yanakaa saa ngapi, yanatokea wapi.

Kujua hayo hakuhitaji gharama. Chomeka kijiti chenye alama za sentimita mahali pa chini kabisa pa bustani. Weka na kopo lenye kuta zilizosimama wima mahali pa wazi, likupimie mvua. Mvua ikikatika, andika kimo cha maji na saa, kisha rudi baada ya saa 6, 12, 24 na 48. Mara moja kwa msimu, toka mvua ikiwa inanyesha uizunguke bustani, maana kuna vitu ambavyo huonekana wakati huo tu: maji yanayopita kando bila kuingia, na ukingo unaovuja kabla bustani haijajaa.

Kabla ya kutafuta ugonjwa, piga hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 25 linamwaga lita 2,500. Bustani ya mita za mraba 15 yenye kina cha sentimita 15 inabeba lita 2,250 tu, na kama kuta zake zimelala inabeba pungufu ya hapo. Bustani ya namna hiyo ikifurika siku ya mvua kubwa haina ubovu wowote, mradi maji yatokee mahali palipopangwa.

Maji yametuama zaidi ya saa 48

Hili ndilo tatizo linaloua bustani nyingi, na lina vyanzo kadhaa vinavyofanana kwa juu. Usianze kutibu kwa kubahatisha. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 pembeni kidogo ya sehemu yenye maji na usome udongo.

Ukikuta sentimita chache za juu ni tope laini linaloteleza na chini yake udongo mkavu unaovunjikavunjika, kilichoziba ni utandu wa juu. Ukikuta udongo mgumu unaokatika kwa mabamba, umeshindiliwa. Ukikuta udongo mzito unaonata mpaka chini, ni mfinyanzi. Maji yakianza kuchuruzika ndani ya shimo kutoka kwenye kuta zake, au udongo ukiwa wa kijivu au kibuluu wenye madoa ya rangi ya kutu, maji ya ardhini yako juu na hukaa hapo muda mrefu kila mwaka.

Utandu ndio wa kawaida zaidi na ndio rahisi kutibika. Hutokana na mashapo laini yanayoletwa na maji: vumbi la paa, udongo wa ua usio na majani, mchanga wa ujenzi. Subiri ukauke hadi upasuke na kuinuka kwa magamba. Ondoa matandazo, kwangua sentimita 2 hadi 5 za juu kwa chepe bapa, uzibebe nje ya eneo linaloelekeza maji bustanini. Tikisa udongo uliobaki kwa uma wa bustani, tandaza mboji iliyoiva sentimita 2 au 3, kisha rudisha matandazo sentimita 5 hadi 8. Kazi hiyo ni bure, hata hivyo, kama hujafunika chanzo. Fuata maji kinyume na mwendo wake mpaka ukute udongo ulio wazi, upande nyasi au uweke kokoto. Ikiwa kuna ujenzi unaoendelea, elekeza maji kwingine mpaka kazi iishe na nyasi ziote.

Kwa bustani inayopokea tope kila mwaka, tenga kishimo cha kutulizia maji mlangoni, yaani pale maji yanapoingilia bustani, kilichoshuka sentimita 15 hadi 20 chini ya mapito yake, chenye mawe chini. Mashapo yatatua humo, nawe utayachota kwa beleshi yakifika nusu ya kina badala ya kukwangua bustani nzima.

Udongo ulioshindiliwa hutokana na miguu na magurudumu, hasa wakati ukiwa na unyevu. Mara nyingi kosa lilifanyika siku ya kuchimba, mashine iliposimama ndani ya kibonde. Sukuma nondo nyembamba ardhini kwa uzito wa mikono: ikigoma mahali pale pale kila unapojaribu, sema kwenye sentimita 10, umepata tabaka lililobanwa. Ingiza uma wa bustani kina cha sentimita 25 hadi 30 na uusukume mbele na nyuma bila kuupindua udongo. Anza upande mmoja na urudi kinyumenyume, usikanyage ulipokwisha kulegeza. Saa ya kufanya hivyo ni pale bonge la udongo likifinyangwa mkononi linashikana, na likiguswa kwa kidole linavunjika. Likipakaa kiganjani, acha kwanza, maana uma utazidi kuubana. Ukihitaji kuingia bustanini msimu wa mvua, laza ubao na usimame juu yake.

Kwa mfinyanzi, pima kasi ya kunywa. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 na upana wa sentimita 20, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena na upime mara hii ya pili. Ukipata sentimita 2.5 kwa saa au zaidi, udongo hauna kosa, tafuta chanzo kingine. Ikiwa chini ya hapo, gawanya nusu, kwa sababu shimo dogo hunywa pia kwa kuta zake, kisha zidisha kwa 48. Mfano: sentimita 0.6 kwa saa, nusu yake 0.3, mara 48 ni kama sentimita 14. Hicho ndicho kina ambacho ardhi yako inaweza kukimaliza kwa siku mbili. Kama bustani inashika sentimita 20, dawa nafuu kuliko zote ni kushusha njia ya kufurikia, yaani pengo la ukingoni maji ya ziada yanapotokea, kwa sentimita 6. Ni kazi ya saa chache, na tunaipendekeza kabla ya kuchimbua chochote.

Watu wengi hukimbilia kuchanganya mchanga. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hujaza nafasi chache zilizokuwepo, na mchanganyiko ukikauka huwa mgumu kuliko mfinyanzi wenyewe. Mchanga husaidia pale tu unapokuwa zaidi ya nusu ya ujazo wote. Kama ni lazima kubadilisha udongo, ondoa sentimita 45 hadi 60 na ujaze mchanganyiko wa mchanga mnene uliooshwa asilimia 60, udongo tifutifu asilimia 20 na mboji asilimia 20. Hata hapo, kama ardhi ya chini hainywi, utakuwa umejenga beseni chini ya ardhi. Hapo panahitajika bomba lenye matundu, kipenyo cha sentimita 10, lililozungukwa na kokoto na kutokea mahali pa chini zaidi.

Bustani ambayo tayari ina bomba la namna hiyo huwa pia na bomba la wima lenye kifuniko kwa ajili ya kusafishia. Lifungue wakati maji yametuama. Likiwa limejaa maji, kizuizi kiko kwenye tokeo: mizizi, tope, au mdomo uliofunikwa na nyasi. Likiwa tupu, bomba ni zima na udongo wa juu ndio umeziba. Angalia pia kitambaa cha ujenzi kilicholazwa kati ya udongo na kokoto. Chembe laini hukiziba kabisa baada ya miaka michache. Kitoe, na mahali pake weka tabaka la kokoto ndogo sentimita 5 hadi 10.

Maji ya ardhini yaliyo juu hayana tiba ya jembe. Kati ya sakafu ya bustani na maji hayo panatakiwa angalau sentimita 60 za udongo. Pakikosekana, ama hamisha bustani, ama ukubali kupanda mimea ya ardhioevu na ujue haitapunguza maji kama ulivyotarajia.

Ua umejaa maji lakini bustani ni kavu

Anzia juu. Gata iliyojaa majani humwagia maji ukutani, hayafiki kwenye bomba la kushukia. Kisha shuka mpaka mlango wa bustani. Nyasi za ukingoni hukamata udongo kila mvua na kuinuka taratibu mpaka zinakuwa kizingiti, na maji yanageuka. Sehemu ya kuingilia inapaswa kuwa chini ya ardhi inayoizunguka kwa sentimita 5 hivi. Kata nyasi hizo pamoja na mizizi yake, usizipunguze kwa mkasi tu.

Ikiwa maji yanaingia lakini yanalowesha upande mmoja, sakafu imelala. Funga kamba kati ya vijiti viwili, iweke sawa kwa pimamaji, kisha pima umbali kutoka kwenye kamba hadi chini katika sehemu kadhaa. Tofauti ikizidi sentimita 3, hamisha udongo kutoka palipoinuka. Ikiwa mlango na njia ya kufurikia vimekaribiana, maji hutoka kabla ya kuenea, basi hamishia njia ya kufurikia upande wa mbali. Kibonde kinachojaa halafu kikapungua ghafla upande wa tuta, ule ukingo wa udongo unaozuia maji, kinavuja. Tafuta mashimo ya panya au njia ya mzizi uliooza, uchimbue, ujaze mfinyanzi na kuushindilia. Tuta ndilo eneo pekee la bustani hii ambapo kushindilia kunafaa.

Maji yanachimba mfereji au yanavunja tuta

Mlangoni, tatizo ni nguvu ya maji. Changarawe ndogo haiwezi kuituliza, itasombwa na kukutwa katikati ya bustani. Tumia mawe ya sentimita 10 hadi 15, tabaka mbili, kwa upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 1 kwa bomba moja la paa. Yazamishe ili mgongo wake uwe chini ya usawa wa mlango. Mawe yaliyowekwa juu ya ardhi huyasukuma maji pembeni, na mfereji mpya huanza kando yake.

Tuta linapovunjika, watu huliongeza kimo. Mara nyingi hilo halisaidii, kwa kuwa limevunjika mahali lilipotitia na pakawa chini kuliko njia ya kufurikia. Tuta jipya hutitia misimu ya kwanza, kwa hiyo lipime kwa kamba kila kabla ya mvua. Njia ya kufurikia iwe sentimita 5 au zaidi chini ya sehemu ya chini kabisa ya tuta, upana wa sentimita 50 au 60, imefunikwa kwa mawe au nyasi zilizoshikana, na ielekee mahali ambapo maji hayatamdhuru jirani wala msingi wa nyumba. Bustani yenyewe ikiwa chini ya mita 3 kutoka kwenye msingi, na ukuta unaonyesha unyevu, usihangaike na tuta. Sogeza bustani.

Matandazo yanaelea au yanarundikana

Vipande vikubwa vya magome ni vyepesi na huelea, haijalishi vimewekwa unene gani. Mbao ngumu iliyochanwa kwa nyuzi ndefu hushikana na hutulia. Weka sentimita 5 hadi 8, na uache sentimita 5 wazi kuzunguka kila shina. Zaidi ya sentimita 10 mizizi hukosa hewa, na mvua ndogo huishia kwenye matandazo bila kufika chini. Mbele ya mlango weka mawe, si matandazo. Mimea ikishafunga eneo lote, kwa kawaida baada ya miaka miwili au mitatu, huna haja ya kuongeza kila mwaka.

Mimea inanyauka, inageuka rangi au inakufa

Ng'oa mche mmoja ulio mgonjwa na uangalie mizizi kabla ya kumwagilia. Kunyauka huku udongo umelowa, mizizi ikiwa ya kahawia, laini na yenye harufu ya yai bovu, maana yake imekosa hewa. Ukiongeza maji unaumaliza. Mizizi ikiwa imara lakini udongo unaoishika ni mkavu, ni kiu.

Angalia pia mahali vifo vinapotokea. Vikiwa katikati tu, ama maji yanakaa muda mrefu, ama ulipanda mimea ya nchi kavu kwenye sakafu. Katikati panahitaji mmea unaovumilia siku mbili za mafuriko na wiki kadhaa za ukavu, sifa ambayo mimea ya kinamasi haina. Mitelemko ichukue mimea inayovumilia kuloa kwa muda mfupi, na ukingo wa juu uchukue inayopenda ukavu. Vifo vikiwa kwenye ukingo tu, msimu wa kiangazi, eneo hilo halipati maji ya bustani kabisa na linahitaji kumwagiliwa peke yake.

Rangi nayo ina maana. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa imebaki kijani, mmea haupati madini ya chuma. Hutokea udongo ukilowa mno au ukiwa na chokaa nyingi, na maji yanayopita kwenye saruji mpya huongeza chokaa. Majani ya zamani yakitangulia kugeuka manjano, nitrojeni ni pungufu, na chanzo cha kawaida ni vipande vya mbao vilivyochimbiwa ndani ya udongo badala ya kuwekwa juu. Kingo za majani zikikauka na kuwa kahawia, fikiria kiu au chumvi. Mimea ikirefuka haraka na kulala, imeshiba kupita kiasi, kwa kuwa maji ya ua huleta virutubisho. Bustani ya mvua haihitaji mbolea ya viwandani, na ziada yake hupenya hadi kwenye maji ya ardhini.

Miche mipya hufa pia kwa mafuriko ya mwezi wa kwanza, si kwa ukame tu. Elekeza bomba la paa kwingine kwa wiki 6 hadi 8 baada ya kupanda. Katika mwaka wa kwanza, wiki isiyo na mvua uipe miche lita 25 kwa kila mita ya mraba, kwa mara moja au mbili, ili maji yashuke na mizizi iyafuate. Kunyunyiza kidogo kila siku huiweka mizizi juu, na kiangazi cha kwanza huikausha.

Magugu

Yakisongamana mlangoni, mbegu zinaletwa na maji, hivyo shughulikia eneo zinakotoka. Yakitapakaa kila mahali, matandazo ni membamba au mimea iko mbalimbali. Ndago na matete yakitawala katikati, rudi kwenye sehemu ya maji yaliyotuama, kwani yanakuambia udongo haukauki. Ng'oa udongo ukiwa na unyevu na kabla ya mbegu kukomaa. Ndago ichimbuliwe pamoja na vijitunguu vyake, la sivyo itarudi. Usilime kwa jembe: unaamsha mbegu zilizolala na kuvunja njia ambazo mizizi na minyoo wametengeneza kwa ajili ya maji. Dawa ya kuua magugu haifai mahali palipojengwa ili kupenyeza maji ardhini. Miche ya miti inayojipandikiza kwenye tuta au karibu na bomba itolewe ikingali midogo.

Mbu

Katika joto, mbu huhitaji takriban wiki moja kutoka yai hadi kuruka, na mara nyingi zaidi ya hapo. Bustani inayokauka ndani ya saa 48 haiwezi kuwakuza. Kwa hiyo wakiongezeka, chunguza kwanza gata, sahani za vyungu, mashimo ya kukusanyia maji na mabomba yenye mikunjo yanayobakiza maji. Ukikuta viluwiluwi ndani ya bustani yenyewe, tibu kutuama. Vidonge vya bakteria aina ya Bti huua viluwiluwi na vinaweza kushikilia hali wakati unatengeneza, lakini usimwage mafuta, yataziba udongo na kuua mimea.

Kiangazi

Mvua ya kwanza baada ya ukame mrefu huteleza juu ya udongo bila kuingia, hasa penye mabaki mengi ya majani. Mwaga kikombe cha maji juu ya udongo mkavu: yakibaki kama shanga kwa dakika moja au zaidi, udongo umeanza kukataa maji. Ondoa tabaka la juu lililoshikamana, lowesha polepole kwa mpira wa maji kwa nyakati mbili au tatu, kisha tandaza mboji. Nyufa za mfinyanzi huwa zinajifunga zenyewe zikilowa. Jaza mboji kwenye zile pana tu, usijaze mchanga.

Huu ndio msimu wa kazi nzito: kukwangua utandu, kujenga tuta, kuchota tope mlangoni. Mashina makavu ya nyasi yakate yabaki sentimita 10 hadi 15 karibu na msimu wa kuchipua, si mapema, kwani yanahifadhi wadudu wenye faida na kushika udongo. Mabua yaliyokatwa yaondoe, yasije yakasombwa hadi kwenye njia ya kufurikia.

Penye baridi ya kugandisha

Maji juu ya barafu si tatizo. Anza kuhesabu saa 48 ardhi ikishayeyuka. Usirundike bustanini theluji ya barabara iliyotiwa chumvi. Chumvi hukausha kingo za majani na sodiamu yake hutawanya chembe za mfinyanzi, kisha udongo unaziba. Ikishaingia, suuza kwa maji safi mengi mwanzoni mwa majira ya kuchipua, kabla mimea haijaamka, ikiwa udongo unanywa. Miche iliyosukumwa juu na barafu irudishe kwa mkono, si kwa mguu, maana udongo wa wakati huo umelowa.

Pa kusitishia marekebisho

Ikiwa umekwangua, umelegeza na kushusha njia ya kufurikia, na kijiti bado kinaonyesha maji baada ya saa 48 katika mvua tatu za kawaida, acha kurekebisha vipande vipande. Ngoja kiangazi. Geuza bomba la paa, toa mimea na mabonge yake ya udongo uiweke kivulini ikiwa imefunikwa, chimba hadi tabaka linalozuia na upime kasi ya kunywa hapo chini, si juu. Kipimo hicho ndicho kitakachoamua kama utaweka mchanganyiko mpya peke yake au pamoja na bomba lenye matundu. Jaza kwa tabaka za sentimita 20 hivi, ukilowesha kila moja itulie kwa uzito wake bila kukanyagwa, na uzidishe sentimita chache juu kwa sababu itashuka. Panda kuanzia katikati kwenda ukingoni, na bomba la paa lirudishwe mimea ikishashika.